Kitabu hakina miguu: namna mchapishaji mdogo anauzishaka vitabu vya waandishi wake

Niko Tchomia, hapa kando ya Ziwa Albert.

Kuna mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari, ambaye kwa miaka sita amekuwa anaandika juu ya ziwa letu: majina ya upepo, aina za nyavu, namna wazee walikuwa wanagawana samaki, na namna watu walivuka kwenda Uganda wakati wa vita kisha wakarudi. Ameshajaza daftari nne. Mwezi uliopita alikuja kwangu na karatasi ya mkataba mkononi. Mchapishaji fulani amekubali kitabu, nakala 500, lakini anaomba dola 1,500 mbele. Pesa ya namna hiyo kwake iko mahali pamoja tu: ni mtaji wa bibi yake, anayenunua samaki hapa na kupandisha Bunia. Akaniuliza: "Yaya, nikishalipa, nani atauzisha?"

Alinijia mimi juu niko na historia. Miaka iliyopita nilichapa kijitabu changu, nakala 300. Siku ya kukitoa watu walipiga makofi, tukakunywa soda, nikagawa nakala kwa wakubwa. Kisha nikakaa nyumbani nikingoja wateja. Kama nakala 130 zilienda, na kati ya hizo nyingi zilienda bure. Zingine zilibaki kwenye karatoni chini ya kitanda, mchwa wakazisoma mpaka mwisho. Hakuna mtu wa kulaumu, kosa lilikuwa langu. Lakini tangu siku hiyo nimejifunza kazi hii kwa kuuliza-uliza, na ndiyo nataka niwaelezee leo, juu ninajua katika kundi letu wako wengi wenye daftari kama za mwalimu.

Tuanze na jambo ambalo sisi huku tunachanganya sana. Mwenye imprimeri na mchapishaji si mtu mmoja. Mwenye imprimeri unamlipa, anakupatia karatoni, mmeachana. Mchapishaji wa kweli anachagua maandiko, anayasahihisha, anatia pesa yake, halafu anatafuta wasomaji ili pesa hiyo irudi. Kama kitabu hakiuziki, yeye ndiye anayelala njaa, na hofu hiyo ndiyo inamfanya atembee. Sasa, kama mwandishi ameshalipa kila kitu mbele, mchapishaji ameshapata faida yake siku ya kwanza. Atatembea juu ya nini? Simaanishi kwamba kila anayeomba pesa ni mwizi. Huku kwetu hakuna benki inayokopesha kwa ajili ya vitabu, na wengi wanaomba mwandishi achangie kwa sababu hawana namna ingine. Lakini kuchangia ni kitu kimoja, kubeba mzigo wote peke yako ni kingine.

Na kuna wale wa imeili. Ukishamaliza kazi yako ya mwisho chuoni, inakufikia barua nzuri kutoka nyumba fulani ya Ulaya: kazi yako imetupendeza, tunataka kuichapisha, haulipi kitu. Unafurahi, unaonyesha ndugu. Kitabu kinawekwa kwenye intaneti kwa bei ya euro 40 au 60, kinachapwa tu kama mtu ameagiza, na hakuna mtu anayepiga hatua hata moja kukitangaza. Mnunuzi wao wa kwanza, na mara nyingi wa mwisho, ni wewe mwenyewe.

Turudie mkataba wa mwalimu. Niliomba biki, tukapiga hesabu kwenye meza. Dola 1,500 kwa nakala 500, kila nakala inamgharimu dola 3. Hapa Tchomia tulikubaliana kwamba mtu anaweza kutoa dola 5 kwa kitabu, na ni vizuri bei iwe noti moja, kwa maana chenji ya dola inaleta fujo, na unajua noti ya dola moja huku wengi wanaikataa. Duka la vitabu kwa kawaida linachukua asilimia 30, wakati mwingine hata 40. Kwa bei ya dola 5, duka likichukua 30, linabaki na 1.50, wewe unapata 3.50. Ili mtaji wa bibi yake urudi, bila faida hata faranga, inabidi duka liuzishe nakala 429 kati ya 500. Lakini akiuzisha mwenyewe kwa mkono, dola 5 yote inaingia, na mtaji unarudi kwenye nakala ya 300. Tofauti ya nakala 129! Na bado hatujahesabu pikipiki ya kutoka Bunia, tangazo la redio, na zile nakala za "weye utanipatia moja ya bure, si ndiyo?"

Mchapishaji mdogo anayejua kazi anaanza kwenye hesabu hii. Kwake kitabu kinachouzwa kwa mkono, mbele ya mwandishi, ni dhahabu. Duka ni la kuonekana tu, kitabu kiwepo mtu akikiuliza. Tena dukani kitabu kinaachwa kwa kuaminiana: unaacha nakala 20, unaandika kwenye daftari, unarudi nyuma ya miezi mitatu kuuliza. Usiporudi, pesa yako imekwenda.

Sasa, kutangaza kunaanza lini? Wengi tunafikiri ni siku ya kutoa kitabu. Hapana, kunaanza mbele ya kuchapa. Mchapishaji mzuri anatembeza jina la kitabu, anatembeza picha ya jalada, anauliza watu kumi wasiomjua mwandishi: "Ukiona hiki sokoni, unafikiri kinasema nini?" Kama wote wanafikiri ni kitabu cha maombi wakati ni hadithi, jalada linabadilishwa. Halafu anatafuta watu wa kulipa mbele.

Jambo hili la kulipa mbele ni la zamani, na mmoja kati ya waliolitumia vizuri kuliko wote ni Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Olaudah Equiano, aliyejinunulia uhuru wake mwaka 1766, alitoa kitabu cha maisha yake London mwaka 1789. Hakungoja tajiri amsaidie. Alizunguka akiandikisha watu waliokubali kununua kabla kitabu hakijatoka, na majina yao yakachapwa ndani ya kitabu chenyewe, akiwemo mtoto wa mfalme. Kila toleo jipya orodha iliongezeka, na nani hapendi kuona jina lake ndani ya kitabu? Kisha alitembea miaka Uingereza, Skotilandi na Ireland akihutubia na kuuza. Haki za kitabu alizishika mwenyewe. Alipokufa mwaka 1797 kilikuwa kimeshatoka mara tisa. Hakuwa na redio, hakuwa na simu.

Kwetu, kulipa mbele kunawezekana kwa M-Pesa au Airtel Money, lakini uangalie: mtu wa huku ameshadanganywa mara nyingi, hatoi pesa kwa kitu asichokiona. Mchapishaji anamwonyesha kurasa kumi zilizochapwa, anamwandikia risiti, na anataja siku. Siku ikipita bila kitabu, jina lake limekufa mpaka Mahagi.

Halafu inakuja ile siku tunayoipenda sana, ya kubatiza kitabu. Mnajua namna inaendaka: salle, viti vya plastiki, profesa anachambua kwa dakika arobaini, baba wa ubatizo ananunua nakala ya kwanza kwa bei ya juu, picha, soda. Sikatai sherehe. Baba wa ubatizo akichaguliwa vizuri anaweza kurudisha sehemu nzuri ya gharama siku moja. Kosa liko kwa zile nakala 40 tunazogawa kwa wakubwa ambao hawatazifungua, wakati mwalimu wa masomo ya sita, ambaye angesoma na kuambia darasa lote, anaambiwa alipe. Wachapishaji wanaojua wanafanya kinyume: mkubwa analipa, na nakala chache za bure zinaenda kwa watu wenye midomo. Mtangazaji wa redio, prefe wa masomo, mwimbishaji wa kwaya, mama anayeongoza kikundi cha wamama sokoni.

Sasa nifike mahali penye utamu. Ni nini hasa kinauzisha kitabu mahali ambapo watu wengi hawana tabia ya kusoma? Jibu bora ninalolijua lilitoka Kenya. Mwaka 1980 Heinemann ya Nairobi, chini ya Henry Chakava, ilitoa riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o kwa Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ile aliyoiandika gerezani Kamiti kwenye karatasi ya choo. Walichapa nakala 5,000 wakitumaini kuziuza kwa miaka mitatu mpaka mitano. Ndani ya mwezi mmoja walilazimika kuchapa zingine 5,000, na mwaka haujaisha wakaongeza 5,000 tena. Nakala 15,000, kwa lugha ambayo wengi walisema haina soko la riwaya. Ngũgĩ mwenyewe alisimulia namna ilivyokuwa: familia zilikaa jioni, mmoja akasoma kwa sauti na wasiojua kusoma wakasikiliza. Wafanyakazi walisoma saa ya chakula. Na katika baa mtu alisoma kwa sauti mpaka glasi yake ikaisha, akaweka kitabu chini pale hadithi inapokuwa tamu, na wateja wakamnunulia glasi ingine ili aendelee.

Mnaona? Tuseme nakala moja ilisikilizwa na watu ishirini. Mtu wa haraka atasema hiyo ni hasara, watu kumi na tisa hawakulipa. Lakini kati ya hao kumi na tisa watatu walitaka kukishika wenyewe, na hao watatu wasingekijua kamwe bila yule msomaji wa baa.

Nilipomsomea mwalimu mambo haya, aliangalia upande wa ziwa. Hapa kwetu wavuvi wanakaa saa nyingi mchana wakitengeneza nyavu. Mikono ina kazi, masikio hayana. Kitabu chake kinaongea juu ya nyavu hizo hizo, na amekiandika kwa Kiswahili. (Mara ya kwanza alitaka kukiweka kwa Kifaransa "juu ya heshima". Tulibishana karibu usiku mzima.) Nilimwambia asome kurasa tatu pale, aache mahali penye utamu, aseme kitabu kinakuja. Hata kama hakuna atakayelipa siku hiyo, jioni jina la kitabu litakuwa limefika kila nyumba ya Tchomia, na kesho yake litapanda Bunia pamoja na samaki.

Redio inafanya kazi hiyo hiyo kwa umbali. Bunia tuko na Radio Candip, iliyozaliwa ndani ya ISP kwa ajili ya mafundisho, na Radio Okapi inasikika tangu 2002. Komunike ya kulipia inayosema "kitabu fulani kimetoka, kinapatikana mahali fulani" inapita masikioni kama tangazo la mbuzi aliyepotea. Lakini dakika tano za kusoma hadithi, kila juma siku moja saa moja, watu wanazingoja. Tanzania walielewa hivyo kwa magazeti: hadithi za Eric Shigongo zilitoka vipande vipande katika magazeti ya kampuni yake, Global Publishers, kila kipande kikikatika pale moyo unapodunda, kisha zikawa vitabu. Msomaji alikuwa ameshaonjeshwa, hakununua kitu asichokijua.

Na umbo la kitabu pia ni tangazo. Kinshasa, kuanzia mwaka 1990, mchoraji anayejiita Papa Mfumu'Eto alichora na kuchapa mwenyewe vijitabu vya katuni kwa Lingala, karatasi ya bei ya chini, kurasa chache, vikauzwa sokoni na barabarani. Wasomi wengi waliviona kama takataka. Watu wa kawaida walivinunua, wakavisoma pamoja, wakaazimana. Leo hii vyuo vikuu vya nje ndivyo vinavichunguza. Mchapishaji mdogo anaweza kuchukua sura moja ya kitabu kikubwa, akaichapa kijitabu cha kurasa 24, akauza faranga kidogo. Anayependa kijitabu atauliza kitabu.

Juu ya makanisa na mashule sitasema mengi, mnajua. Matangazo ya mwisho wa ibada yanafikia watu wengi kuliko duka lolote la Bunia, na kitabu kinachokubaliwa na shule kinauzika kila Septemba bila kelele. Jirani zetu wa Kenya, riwaya ikishawekwa katika masomo ya mtihani wa sekondari, nchi nzima inamjua mwandishi. Ila uangalie kalenda. Ukileta kitabu cha hadithi katikati ya Septemba, wazazi wanatafuta minerval, hawakuoni. Mchapishaji mwenye akili anajua ni wiki gani walimu wanapokea mishahara na ni miezi gani samaki ni mengi.

Wengine wataniuliza: na soko la nje, je? Ndugu zetu walio Kampala, Ulaya, Marekani wangependa kitabu cha kwao. Mchapishaji mdogo peke yake hawezi kuwafikia. Wachapishaji wa Afrika waliliona hilo mapema, na mwaka 1989 kikundi kati yao kikaanzisha African Books Collective, yenye makao Oxford, mali ya wachapishaji wenyewe, ili iuze vitabu vyao vyote kwa pamoja huko nje. Siku hizi kitabu kinaweza kuchapwa kulekule, nakala moja moja, mtu akiagiza. Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, ambayo Walter Bgoya aliianzisha mwaka 1991 nyuma ya kuongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi, inauza nje kwa njia hiyo. Kampala nako wanawake wa FEMRITE ni chama na ni wachapishaji kwa wakati mmoja, na kwa miaka wamekutana kila Jumatatu kusomeana na kurekebishana maandiko. Anayetoka pale na kitabu ameshakuwa na watu wanaokijua kabla hakijafika dukani.

Hapo inabidi tujitazame sisi wenyewe, hata kama inauma. Sisi wenye diplome tulizoea kununua maandiko kwa njia moja tu: silabusi. Profesa alisema "asiye na silabusi hataingia mtihani", tukatafuta pesa mahali popote. Tulinunua kwa woga. Sasa mwenzetu anatoa kitabu, hakuna mtihani, na jambo la kwanza tunaloandika kwenye WhatsApp ni: "Kaka, tuma PDF." Mwingine akinunua, nakala moja inapita kwenye mashine ya fotokopi na kutoka na watoto kumi na tano. Mwandishi anapongezwa na watu mia mbili na hauzi hata kumi. Mchapishaji anayejua tabia yetu hatumi PDF ya kitabu kizima kwa mtu yeyote, hata kwa mjomba. Anatuma sura ya kwanza peke yake, na sauti ya mwandishi akisoma dakika mbili, nyepesi, isiyokula mega. Kisha anaandika bei, namba ya kulipia, na jina la mtu aliye na nakala mkononi katika kila mahali: Tchomia ni fulani, Kasenyi ni fulani, Bunia ni fulani. Bila jina la mtu, tangazo ni hewa.

Mwalimu alirudi kwa mchapishaji wake na maswali manne tuliyoyaandika pamoja. Nyinyi mnatia kiasi gani? Mtauzisha wapi, na nani ataenda? Nakala ngapi za bure, kwa nani? Zisizouzika nyuma ya mwaka mmoja ni za nani? Swali la kwanza halikupata jibu. La pili lilijibiwa kwa neno moja: "intaneti". Basi mkataba ule haukutiwa sahihi, na mtaji wa samaki uko salama mpaka leo.

Sasa amepanga kuchapa nakala 200 kwanza, umbo dogo. Kila moja itamgharimu zaidi ya dola 3, lakini akishindwa, nyumba haitaanguka. Bibi yake, ambaye anajua kuuza kuliko sisi wawili, amesema atapakia nakala 30 pamoja na samaki kila anapopanda Bunia, na ameshakataa kumwachia mtu yeyote kwa deni. Jumamosi iliyopita mwalimu alisoma kwa mara ya kwanza kule wavuvi wanatengenezea nyavu. Mzee mmoja alimkatiza akasema jina la upepo wa usiku ameliandika vibaya, wakabishana, watu wakasogea. Alipofunga daftari walimwuliza mwisho ni namna gani. Hakuwaambia. Kwenye orodha yake kuna majina 41, waliolipa ni 17, na imeshaamuliwa kwamba kwa imprimeri anaenda siku waliolipa wakifika 60.